Pudini Iliyokosa Mwonjaji

Siku ya ishirini na mbili tangu pua yake igome, mpishi wa keki alisimama jikoni kwake, Jumapili baada ya chakula cha mchana, akaiinamia sufuria ya maziwa ya moto na kuvuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Wapi! Hakusikia harufu ya maziwa, wala ya vanila, wala hata ya kiberiti alichowashia jiko. Angeinamia ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, ingekuwa yale yale.

Pua yenyewe ilikuwepo mahali pake, msifikiri ilianguka. Ni yale mafua yaliyopita nyumbani mwao mwezi uliotangulia, yakawalaza wote kwa zamu, homa siku nne, kikohozi siku kumi. Wenzake waliinuka wazima. Yeye aliinuka asubuhi moja, akapiga mswaki, akajiuliza mbona dawa ya meno imekuwa chokaa. Tangu hapo pua na ulimi vilimfungia mlango. Sukari mchanga, chumvi mchanga, na pilipili inawasha tu bila kujitambulisha.

Hakumwambia mtu. Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu kesho yake, Jumatatu saa nne asubuhi, mwenye hoteli alikuwa anakuja kuonja. Msimamizi wa jiko la vitamutamu alikuwa anastaafu, na nafasi yake iligombewa na wawili: yeye, mwenye miaka kumi na moja katika jiko lile, na mwenzake mwenye miaka mitatu na maneno mengi. Kila mmoja alitakiwa apike pudini ya mkate yenye sosi ya karameli mbele ya watu, aonje mwenyewe, aieleze ladha yake, ndipo aitoe. Miaka kumi na moja alikuwa akitenganisha viini vya mayai na kuingoja siku hiyo. Sasa siku imefika, ulimi umesafiri. Mtu asipochanganyikiwa hapo, atachanganyikiwa wapi?

Ndiyo maana alikuwa anaipika kwanza nyumbani. Alitaka kujua kama mikono yake inaweza kufanya kazi bila ulimi wa kuisimamia.

"Mwanangu, leo kuna nini huko?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Pudini, Mama. Najaribu ya kesho."

"Ukimaliza utaleta."

Halikuwa ombi hilo. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja, haikuandikwa popote na wala haikuvunjwa: chakula hakitoki jikoni mpaka Mama ameonja. Kiti chake kilikaa mlangoni mwa jiko, mguu mmoja ndani, mmoja ukumbini. Unamwendea na mwiko, unamdondoshea kidogo kiganjani, yeye analamba, anatazama dari, anatoa hukumu. "Chumvi." "Acha iive." "Pakua." Hakuna rufani. Zamani jambo hili lilimkera mkwe wake, mpishi mzima wa hoteli anapimwa kama mtoto wa shule. Lakini katika wiki tatu hizi alilishukuru kimoyomoyo. Mama akisema ongeza, anaongeza. Akisema pakua, anapakua. Hivyo ndivyo alivyoificha siri yake nyumbani, nyuma ya kiganja cha mtu mwingine; hotelini alishikilia vipimo alivyovizoea.

Haya, alirudi kwenye kazi. Mkate ulikuwa wa mayai na siagi, tena wa jana, kama inavyotakiwa, maana mkate wa leo ukiulowesha unageuka uji. Aliukata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, akauanika kwenye trei. Alipiga viini vinane na sukari mpaka vikapauka, akamimina krimu, kisha maziwa ya moto kidogo kidogo huku mkono mwingine unakoroga, yasije yakaivisha mayai. Mikono ilijua. Hapo moyo ulimtulia, akathubutu hata kuimba kidogo.

Kisha akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kopo la mdalasini, lile la bati lenye mfuniko mwekundu. Makopo ya nyumba ile hayakuwa na maandishi. Ya nini? Maisha yake yote alikuwa anafungua, ananusa, anajua. Kopo lile lilikuwa limekwisha wiki nyingi, na Ijumaa alimwagiza mume wake alete mdalasini mpya. Alipofungua na kulikuta limejaa alifurahi. Leo mume wangu kakumbuka kitu, alisema moyoni. Unga wenyewe aliuona umepauka kidogo, lakini mdalasini wa madukani siku hizi nani anaujua? Akatia kijiko kimoja na nusu, akatupia zabibu kavu, akaumimina mchanganyiko juu ya mkate, akauacha ulowe nusu saa. Kisha akaiweka trei ndani ya trei nyingine yenye maji ya moto, akaifungia ndani ya oveni.

Ikabaki karameli. Na hapo, jamani, ndipo kazi ilipokuwa.

Karameli hupikwa kwa pua. Macho ni wasaidizi tu. Sukari ikiyeyuka inatoa harufu moja, ikikolea inatoa nyingine, na kati ya iliyokolea na iliyoungua ni pumzi mbili, hazifiki tatu. Yeye alikuwa anaweza kuipa sufuria mgongo, akapiga soga na wenzake, kisha akageuka na kuitoa motoni bila kuitazama. Leo aliitumbulia macho kama anayesubiri imwambie kitu. Sufuria nyeusi, sukari ya kahawia, mwanga wa dirishani nusu. Akadondosha tone kwenye sahani nyeupe. Bado. La pili. Labda. Akaitoa motoni, akairudisha, akaitoa. Akaogopa, akatupia siagi, povu likapanda, akamimina krimu, ikapiga kelele. Akatia chumvi kidogo. Akageuka kutafuta kitambaa, akarudi, akasimama na kijiko mkononi. Chumvi nimetia au nilikuwa nataka kutia? Akaonja kwa mazoea. Mchanga wa moto. Akatia tena, kisha akajilaumu, kisha akajilaumu kwa kujilaumu.

Pudini ilipotoka ilikuwa imefura vizuri, imepata rangi juu, katikati inatikisika kidogo tu. Kwa macho ilikuwa pudini ya kuoa. Aliikata, akaimiminia sosi, akawaita.

Alikuja mume wake, fundi bomba, mtu mrefu mpole anayetembea nyumbani kama mgeni asiyetaka kusumbua. Akaja pia wifi wa mpishi, ambaye kila Jumapili hufika kumwona mama yake na kumkagua mke wa kaka yake. Wifi huyu ndiye aliyesema, siku ya harusi yao, kwamba keki imeinama. Miaka tisa imepita na hajalifuta neno lile.

Mume alitia kijiko mdomoni. Akatafuna mara moja, akasita, akatafuna tena.

"Tamu," alisema. "Tamu sana, mke wangu." Akaenda kuchota maji, akanywa bilauri nzima, akachota nyingine.

Wifi alitia chake, akakunja uso. "Wifi yangu, hii ni pudini au mchuzi? Nitafute nyama humu?"

"Wewe nawe!" mume akamkemea.

"Nimeuliza tu. Kuuliza si ujinga."

Mama hakuwa na haraka. Alikinga kiganja, akapewa kipande chenye sosi, akalamba, akatazama dari. Jiko zima likasubiri.

"Mdalasini umezidi kidogo," alisema mwisho. "Punguza. Lakini karameli imekaa sawasawa. Huyo bwana kesho atalamba vidole."

Mpishi aliwatazama mmoja mmoja. Huyu anasema tamu na anakunywa maji kama aliyetoka jangwani. Yule anasema mchuzi. Huyu anasema mdalasini. Watu watatu wamekula pudini moja au tatu? Kama mdalasini umezidi, utakuwaje mchuzi? Kama ni tamu sana, mbona bilauri ya tatu hiyo? Na wifi, je, anasema kweli leo au ni keki ya harusi bado inamuuma? Angekuwa na ulimi wake angemaliza ugomvi kwa kijiko kimoja. Sasa alilazimika kupima watu badala ya chakula, na watu, loo, hawapimiki.

Basi akapiga hesabu ya kawaida: wawili wameipenda, mmoja ana yake moyoni. Na Mama ni Mama, mtu aliyepika tangu yeye hajazaliwa. Akaamua kushika la Mama. Kesho atatia nusu kijiko.

"Kumbe mdalasini ulioniletea ni mkali," alimwambia mume wake. "Ndiyo maana umezidi. Umeununua wapi?"

Mume aliweka bilauri chini. "Mdalasini?"

"Ule wa juzi, niliokuagiza."

"Mungu wangu!" Alijipiga paji la uso, akatoka mbio, akarudi na mkoba wake wa kazi. Alitoa spana kubwa, spana ndogo, tepe ya kuzibia bomba, kipande cha sandwichi ambacho hatutakitaja umri wake, na chini kabisa akaibua pakiti ya mdalasini, imefungwa vile vile ilivyotoka dukani. "Nisamehe. Tangu Ijumaa iko humu."

Mpishi aliishika ile pakiti, akaigeuza. Kisha akachukua lile kopo lenye mfuniko mwekundu. "Na hili je?"

Mume akafungua, akanusa, akapiga chafya. "Bizari hii. Ile nyembamba, ya mchuzi."

"Ah, hiyo bizari nilitia mimi," Mama alisema kutoka kitini. "Chupa yake ilipasuka Jumatano, nikaona kopo liko tupu, nikasema nisi..."

Mkono wake ukabaki hewani.

"Si niliuliza nitafute nyama!" wifi akasema, lakini hakuna aliyemjibu.

Mpishi alimtazama mkwe wake. Akamtazama sana. "Mama," alisema polepole, "umesema mdalasini umezidi."

"Kusema nilisema."

"Mdalasini haumo. Hata chembe."

Mama aliuangalia mkeka, kama kuna kitu amekidondosha pale.

"Tangu lini, Mama?"

Oveni ilisikika inapoa, tik, tik. "Tangu yale mafua," Mama alisema. "Sisikii harufu ya kitu. Sipati chumvi, sipati sukari. Nikasema itapita. Haipiti."

Mpishi akajikuta ameketi sakafuni bila kujua ameketije. "Hata mimi," alisema.

"Hata wewe nini?"

"Hata mimi, Mama. Tangu yale yale mafua. Nilikuwa nakutegemea wewe."

"Mimi?" Mama akashika kifua. "Mimi nilikuwa nasema lolote! Leo ongeza, kesho pakua, ili isionekane. Nilijua wewe ni mpishi, nikikosea utarekebisha."

Wakatazamana. Kwa wiki tatu nyumba ile imepikiwa na asiyeonja, ikaonjewa na asiyeonja, na kila mmoja akiamini mwenzake ndiye anayeonja. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Mama alianza kucheka, kicheko kikakatika katikati.

"Mtanicheka," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Magoti yamenikimbia. Sindano siioni. Kufua mmenikataza, sokoni mmenikataza. Nimebaki na kiganja hiki tu. Nikisema ulimi nao umekwenda, hapa mlangoni nitakaa nafanya nini? Nalinda jiko?"

Mpishi alimshika kile kiganja, bado kilikuwa na sosi. Huruma ilimjaa. Lakini hasira nayo ilikuwa njiani, na hasira ile haikuwa na safari ya kwa Mama. Iligeuka ikamtafuta fundi bomba, aliyekuwa anarudi kinyumenyume kuelekea ukumbini.

"Wewe! Njoo hapa. Wewe pua yako nzima?"

"Nzima."

"Na ulimi?"

"Mzima, mke wangu."

"Sasa wiki tatu ulikuwa unakula nini?"

Mume alijikuna shingo. "Nilikuwa nakula tu. Siku nyingine chumvi tupu. Siku nyingine kama maji ya kunawa. Ile siku ya maharage..." akatikisa kichwa, hakumaliza. "Nilidhani mmegombana."

"Nani na nani?"

"Wewe na Mama. Nilisema hawa wameudhiana, kila mmoja anamkomoa mwenzake kwenye sufuria. Nikiingia kati nitaumia mimi. Nikawa nanywa maji."

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Mpishi hakucheka.

"Kwa hiyo ukaniambia tamu! Bizari kijiko kimoja na nusu, ukaniangalia machoni ukaniambia tamu sana! Kesho ningekwenda kumlisha mwenye hoteli mchuzi wa mkate mbele ya watu wote, kwa sababu ya huo utamu wako! Miaka tisa unaniambia tamu. Ipi ilikuwa tamu? Nitajuaje sasa?"

Mume alisimama na mikono yake mikubwa inaning'inia, uso umemshuka.

"Haya, simama hapa," mpishi alisema, akimvuta mpaka jikoni. "Usiniambie tamu. Usiniambie nzuri. Niambie unanusa nini, basi."

Akaosha sufuria, akaipika karameli upya, naye mume ameinama juu ya jiko kama anayetafuta bomba linalovuja.

"Unanusa nini?"

"Hakuna. Sukari."

"Sasa?"

"Kama pipi."

"Sasa?"

"Kama... karanga zikikaangwa. Subiri. Imezidi hiyo karanga."

"Sasa?"

"Inaanza kuuma pua!"

Akaitoa hapo hapo, akatia siagi, krimu, chumvi mara moja tu, wote wakimhesabia. Wifi ndiye aliyeonja. Alilamba kijiko upande mmoja, akakigeuza, akalamba upande wa pili.

"Hii nitakula," alisema. Kutoka kinywani mwake, hiyo ilikuwa shahada.

Hapo wifi akapata moto. Kesho, alisema, hakuna shida yoyote. Mpishi apime kila kitu kwa mizani, ahesabu dakika za karameli kwa saa, mdalasini autoe kwenye pakiti iliyofungwa. Ukifika wakati wa kuonja mbele ya mwenye hoteli, atie kijiko mdomoni, apepese macho, aseme maneno mawili ya kitaalamu. Nani atajua?

"Anasema kweli," mume alisema kwa woga. "Mikono yako haina kosa."

Mpishi alisimama katikati yao, hajui ashike lipi. Aliitaka nafasi ile. Na moto wa hoteli si wa nyumbani, ni mkali maradufu, dakika za hapa, kule zingeigeuza karameli makaa. Lakini huenda ingewezekana. Angeweza kupita. Kesho, na keshokutwa, na mwezi ujao, na jiko zima la watu sita wakimletea vijiko aonje.

"Inawezekana," Mama alisema, hakumtazama mtu. "Mimi nimepepesa macho wiki tatu. Inawezekana kabisa. Ila usiku nilikuwa nakaa kitandani naogopa kukicha."

Mpishi akachukua simu, akatoka uani. Mpishi mkuu wa hoteli aliitikia haraka, nyuma yake sahani zinagongana. Naye alimweleza yote kwa pumzi moja, pua, ulimi, siku ishirini na mbili, hakupamba.

Mpishi mkuu akajitenga na kelele za sahani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, Mkuu."

"Siku ishirini na mbili umenitolea keki bila kuonja?"

"Ndiyo, Mkuu."

Akasikia pumzi ndefu. "Kesho atapika mwenzako. Nafasi siwezi kuishikilia, unajua si mimi ninayeamua. Wewe nenda kwa daktari kwanza. Kazi yako ya zamani ipo, utapima unga, utakata maumbo ya biskuti. Mengine tutaona."

"Ahsante, Mkuu," alisema, na simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni.

Aliporudi ndani hawakumuuliza, uso wake ulikuwa umeshasema. Wifi alisogeza kiti, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akampisha. Aliketi. Miaka kumi na moja, kisha mtu wa miaka mitatu. Hakuwa hata na nguvu ya kukasirika.

"Na isiporudi?" aliuliza. Hakujua anamwuliza nani.

Wifi aliangalia dirishani. Hata Mama alikuwa analitaka jibu lile lile.

Mume alichuchumaa mbele ya kiti, akaweka mikono yake juu ya magoti ya mke wake. Mpishi aliona maneno yakimjia mume wake mdomoni, yale mepesi, ya kumtuliza. Akamwona anayameza.

"Sijui," alisema. "Sijui, mke wangu. Hata mimi naogopa."

Hapo ndipo mpishi alipolia, kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia siku ishirini na mbili, na mume wake hakumwambia anyamaze.